Risasi za Kinanda cha Likoni

Kwenu Saidi, Kombo na wenzenu mliobaki kibandani. Tangu niwaachie meza na nyundo, kila nikipita kuwajulia hali mwaniuliza lile lile: ati ni kweli mimi Swalehe, mtu wa safu ya mbele msikitini, nilikuwa fundi wa kinanda cha kanisa? Nikijibu ndiyo, mwacheka mpaka mwaangusha mikasi. Sasa nina wasaa. Macho yangu hayauoni tena ukingo wa bati, lakini mstari wa daftari bado yauona. Basi nitaandika mara moja tu, mcheke mara moja, kisha mrudi kazini. Nililipwa nini sitasema. Mkijua mtalia badala ya kucheka.

Nilianza kazi kwa ami yangu, Fundi Shali, kibanda hiki hiki, wakati huo kikiwa cha makuti, karibu na gati la feri. Ilikuwa miaka ya hamsini yaenda ukingoni. Likoni nzima ilioga, ikapika na kuwasha taa kwa kazi ya mikono ya ami: makarai, ndoo, birika, koroboi, mifereji ya maji ya mvua. Siku ya kwanza hakunipa nyundo. Alinipa debe tupu la mafuta taa akaniambia nilipasue nilinyooshe bila kujikata. Nilijikata. Akanipa la pili.

"Wavuta kama wapigana nalo," aliniambia. "Bati lishike kama unavyoushika mkono wa mama mkwe."

Sikuwa na mama mkwe wakati huo, kwa hiyo niliendelea kujikata kwa muda mrefu.

Ninyi leo mwanunua lehemu dukani, imezungushwa kama uzi. Sisi tuliipika wenyewe kwenye chungu cha chuma: risasi kiasi, bati jeupe kiasi, chini yake makaa na mvukuto. Ami hakuwa na mizani. Alichukua kipande kilichopoa, akakikunja karibu na sikio, akasikiliza kinavyolia. Kikilia vizuri aliitikia kwa kichwa. Kisipolia, alikirudisha chunguni na kunitazama mimi, kana kwamba nimekinyamazisha. Risasi ndiyo iliyokuwa uhai wa kibanda kile. Kwa fundi wa bati ni madini ya kijivu, laini, mazito. Kwa askari polisi ni kitu kingine kabisa, na tofauti hiyo ilikuja kututia mahabusu.

Aliyetuletea habari ya kinanda ni Mwalimu Yeremia. Huyu alikuwa mtu wa Rabai, mrefu, shati jeupe limefungwa kifungo mpaka kooni hata jua likiwaka vipi. Alisomesha watoto siku za wiki, na Jumapili alipiga kinanda kwenye kanisa dogo lililokuwa juu ya kilima. Alisimama mlangoni akapiga hodi kwa ile sauti yake ya kuimbisha.

"Fundi Shali, nina wagonjwa wanane."

"Mimi si daktari, Mwalimu."

"Daktari hawataki. Wamesimama mbele ya kanisa, na magoti yamewalegea."

Akaeleza. Kinanda kilikuwa kizee. Kiliundwa Ulaya, kikaletwa kwa meli kwenye kanisa moja kubwa kule kisiwani, kikapigwa huko mpaka wenyewe wakanunua kikubwa zaidi. Ndipo wakawakumbuka wenzao wa ng'ambo. Kilivushwa kwa feri ndani ya masanduku, na waliokifungua upande wa Likoni hawakuwa wamewahi kuona ndani ya kinanda. Waliyapanga mabomba yake ya kutolea sauti kwa kimo, kama watoto wa shule mstarini. Mara ya kwanza Mwalimu alipokipiga, alisema, ni kama kila mtu nyumbani amejibu salamu ya mwenziwe. Ilimchukua mwezi mzima kuyarudisha kila moja mahali pake. Lakini joto la pwani halikuwa limeagizwa na waliokiunda. Yale mabomba manane makubwa ya mbele, ya risasi na bati, yalikuwa yanajikunja miguuni kwa uzito wake yenyewe.

Kabla ya kwenda, ami alipita msikitini kumwuliza sheikh. Sheikh alikuwa anatia udhu.

"Umeitwa kusali au kulehemu?"

"Kulehemu."

"Basi kalehemu, urudi usali."

Tukaenda. Mimi nilitarajia kuona kitu cha ajabu. Nilichoona ni mazumari, mazumari mengi yamesimamishwa kabatini, makubwa kwa madogo, na mahali pa mashavu ya mpigaji pana mvukuto. Wetu ulikuwa wa kupulizia makaa ya chai. Ule ungeweza kupulizia Likoni yote. Aliyeuvuta ni Nzai, mhudumu wa kanisa, kijana wa Kaloleni mwenye mikono kama makasia. Ami alipouona alicheka kwa furaha.

"Kumbe ni kibanda chetu, kimevaa kanzu tu!"

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa bomba moja la kati lililokataa kulia. Ami aliniamuru nilipulize kutoka chini. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Likatoka bonge la udongo, na nyuma ya bonge nyigu, na nyigu akaenda moja kwa moja kwenye sikio la Padri Holisi, Mwingereza mpole aliyekuwa ameinama kutazama. Padri alipiga kelele, na Mwalimu Yeremia akainua kidole. "Ndiyo sauti yenyewe," alisema. "Bomba hilo ndivyo linavyopaswa kulia." Tangu siku hiyo, kila fundi niliyemfunza nimemwambia: kabla ya kupuliza kitu, uliza ndani yumo nani.

Yale manane tuliyashusha, tukayafunga magunia, tukayalaza nyuma ya kinanda mpaka ami apike risasi ya kuyatilia miguu mipya. Mwalimu aliyaona, Padri aliyaona. Tuliporudi siku tatu baadaye, magunia hayakuwapo wala mabomba. Nzai naye hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwao Kaloleni, mamake anaumwa.

Padri alitaka kungoja. Mwalimu Yeremia hakungoja. Alivaa koti akaenda kituo cha polisi peke yake. Yaliyosemwa huko nimeyasikia kwa Mwalimu na nimeyasikia kwa Sajini Musyoka, wote wawili mara nyingi, na hawakuhitilafiana hata neno. Sajini alikuwa mtu wa bara, mgeni pwani. Siku zile hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa, na yeye alikuwa ametoka kule ilikokuwa moto.

"Nimekuja kuripoti wizi," alisema Mwalimu. "Tumeibiwa risasi kanisani."

Sajini akaweka chini kikombe cha chai. "Risasi ngapi?"

"Nane."

"Kanisa lina risasi za nini?"

"Za ibada."

"Na hizo risasi, mnapiga?"

"Kila Jumapili, asubuhi na jioni. Na Krismasi."

"Nani anapiga?"

"Napiga mimi mwenyewe, miaka mingi sasa. Na nimewafundisha watoto watatu wa shule. Mmoja ni msichana, naye anapiga vizuri kuliko wote."

Sajini akafunga mlango. "Ni kubwa namna gani?"

Mwalimu akainua mkono juu ya kichwa chake. "Ile kubwa yanipita kimo. Ile ndogo yafika hapa kifuani."

Sajini akachukua kalamu. Kisha akauliza nani alikuwa nazo mwisho.

"Fundi Shali, kule karibu na feri," alisema Mwalimu. "Lakini huyo ni mtu mwema sana."

Sisi tulikuwa kibandani, chungu kiko motoni, ami anamimina. Lori likasimama, askari wakaruka, bunduki mkononi.

"Wewe mzee! Unafanya nini hapo?"

"Nayeyusha risasi," alijibu ami bila kuinua uso. "Simameni kando, isije ikawarukia."

Askari wote wakajitupa chini kifudifudi. Mmoja alilalia maganda ya madafu. Ami alimaliza kumimina, maana risasi haingoji mtu, ndipo akageuka na kuwaona. Alidhani wameanguka kwa jua. Akaniambia niwaletee maji.

Sajini alikuwa wa kwanza kuinuka. "Hii kazi umeianza lini?"

"Mimi? Tangu uhai wa baba yangu. Na yeye alifunzwa na babake."

"Na watu wanajua?"

"Likoni nzima yajua. Hata kituoni kwenu kazi yangu imo."

Alikuwa anazungumzia taa za kituo, ambazo ni yeye aliyezilehemu. Lakini Sajini hakuuliza zaidi. Alitutia kwenye lori, mimi, ami na chungu. Ami alitaka kujua njia nzima ni nani atakayelipia makaa yanayowaka bure. Mahabusu tulikuta mlevi mmoja wa Kisauni aliyetuuliza kosa letu. Ami akamwambia, "Kinanda." Yule mtu akasogea pembeni, akatupisha tukae.

Habari zilimfikia Mwalimu Yeremia akiwa darasani. Aliacha chaki, akakimbia kanisani, akang'oa bomba moja dogo, akaja kituoni na Padri nyuma yake akihema. Aliliweka mdomoni mbele ya Sajini akalipuliza. Lililia fuuu, safi, na mbuzi aliyekuwa nje akajibu.

"Hii ndiyo risasi," alisema Mwalimu. "Ila zile nane ni kubwa."

Sajini alilishika, akaligeuza, akatazama tunduni kwa tahadhari, akalipuliza yeye mwenyewe. Akapuliza tena. Askari waliokuwa dirishani wakaanza kucheka, na mwisho Sajini naye akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mwalimu, mbona hukusema ni bomba?"

"Ungenituma kwa watu wa maji."

Tukaachiliwa, na chungu tukarudishiwa. Lakini kicheko kile hakikumaliza jambo. Mabomba yalikuwa bado hayajaonekana, na sisi tu ndio tuliokula kwa risasi upande ule wote. Watu wakaanza. Mama mmoja alikuja kununua koroboi, akaigonga kwa kucha, akauliza, "Hii itaimba?" Waumini wa kanisani waliopita kibandani asubuhi wakaanza kutazama upande wa baharini. Msikitini vijana waliniita Padri Swalehe. Ami alifunga chungu kwa gunia, akakiweka juu ya kabati.

"Sipiki risasi tena mpaka zile zionekane," alisema.

"Tutakula nini, ami?"

"Tutafanya mifereji. Mifereji haina maneno."

Mtu mmoja tu hakutusema. Mwalimu Yeremia, kila akitoka shule, alikuja akaketi kwenye benchi letu barazani, mahali ambapo kila aliyetoka kwenye feri angemwona. Hakuwa na shughuli hapo. Alisahihisha madaftari ya watoto, akanywa kahawa, akaenda zake. Ami hakuwahi kumshukuru na yeye hakuwahi kueleza. Nami nilielewa kwamba nikiwa na rafiki mmoja wa namna ile maishani, nimetosheka.

Mabomba niliyapata mimi, bila kutafuta. Nilikwenda Mtongwe kumtazama shangazi yangu, na nikirudi nikapita ufukoni kumwamkia Mzee Mbwana, mvuvi, aliyekuwa ameketi akishona nyavu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo hapa, keti."

Nikaketi, na macho yakaangukia chubwi, vile vizito vya kuzamishia wavu. Vilikuwa vipya, vipande vya madini vilivyokatwa na kuzungushiwa kamba, vyang'aa, na vina madoadoa kama kanga. Risasi yetu ya kibandani haina madoadoa. Nikainama. Kimoja kilikuwa na herufi ya Kizungu iliyogongwa, ile ile niliyokuwa nimeisugua kwa jivu kwa mkono wangu siku tulipoyashusha mabomba.

"Mzee, risasi hii umeitoa wapi?"

"Kwa Nzai wa kanisani. Aliniletea mzigo kwa baiskeli. Nikampa changu na tasi, kikapu tele, na pweza juu yake."

Nzai aliporudi kutoka Kaloleni aliulizwa mbele ya wote, na hakuficha kitu, kwa kuwa hakujua kama kuna cha kuficha. Kumbe Padri alikuwa amesikia harufu ya panya aliyekufa, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Nzai, nyuma ya kinanda kuna vitu vimekufa. Toa vyote kabisa." Nzai akaenda. Akakuta panya mmoja. Akakuta na mabomba manane, ambayo Mwalimu Yeremia alikuwa anatangaza kila Jumapili kwamba yamekufa. Akatoa vyote kabisa. Panya alimtupa, mabomba aliyakunja.

"Na wale samaki?" aliuliza Mwalimu kwa sauti ndogo.

"Pweza nilimpelekea mama. Wengine Padri alikula," alisema Nzai. "Alisema ni watamu."

Padri Holisi aligeuka rangi ya kamba aliyechemshwa. Alimwendea ami, akamwomba radhi kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukosea hata neno moja. Ami akashusha chungu kutoka juu ya kabati.

Sasa ilibaki kuirudisha risasi yenyewe, na Mzee Mbwana hakutaka. Tulimpelekea risasi nyingine nzuri tuliyoitoa kwenye betri za malori. Aliipima mkononi akatema mate pembeni.

"Tangu nitie ile ya kanisani, nyavu zangu zajaa. Hino ya betri itaita nini? Itaita malori."

Ami alibembeleza, mimi nilibembeleza. Mwisho Mwalimu Yeremia aliketi naye mchangani, akamwuliza habari za kila mmoja wa wajukuu wake, na ni wengi. Jua lilipoanza kupungua Mzee Mbwana alikubali, ila alibakisha chubwi kadhaa, za ahsante alisema, na hakuna aliyethubutu kuzihesabu.

Kwa hiyo madini yalipungua, na ami akajazia yake. Hapa nataka msome polepole, maana hii ndiyo kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote nilizofanya. Tulitandaza mchanga mkavu juu ya ubao, tukaulainisha, tukamimina bamba jembamba. Tukalipiga kwa nyundo ya mti mpaka likawa sawasawa. Kisha tukalizungusha kwenye boriti za mkoko tulizozichonga zikawa duara, kila bomba na boriti yake, tukalehemu mshono. Kuyasimamisha haikuwa shida. Shida ilikuwa sauti, kwa kuwa vipimo vilikuwa vimekatwa na mkasi wa Mzee Mbwana. Ikabidi Mwalimu aimbe. Yeye anaimba, Nzai anavuta mvukuto, ami yuko juu ya ngazi akipunguza ukingo wa bomba kwa mkasi, kidogo kidogo, maana likiwa refu sauti iko chini na likikatwa yapanda. Linapokutana na sauti ya Mwalimu, basi.

Wiki hiyo Mwalimu alikuwa na mafua. Hakuna aliyelitia hilo maanani.

Krismasi ilipofika kanisa lilijaa. Mimi na ami tulisimama nje, dirishani, pamoja na nusu ya jirani zetu waliokuja kusikia kama risasi ya chubwi itaimba. Iliimba. Haikuimba Kizungu. Yale manane yalikuwa na sauti ya puani, ya kukwaruza, yenye mbwembwe, na mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akasema angeyasikia kwa mbali angedhani kuna arusi. La tatu na la tano yalikuwa chini kidogo. Padri alikunja uso, kisha akakumbuka samaki, akakunjua. Waumini walisita ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili wakateremka wakayafuata yaliko. Ami alikuwa ananisukuma kwa kiwiko. "Yale ni yetu," alisema, kana kwamba mimi sikuwapo.

Miaka ikaenda hivyo. Tulipanda pale kila masika kuziba mvukuto uliotafunwa na kuwahamisha nyigu. Uhuru ukakaribia, Wazungu waliokuwa wakisali pale wakaanza kufunga masanduku, na wakubwa wa kule kisiwani wakafikiri kwamba kinanda kizuri hakifai kubaki kwenye kanisa dogo. Bara kulikuwa na kanisa jipya, kubwa, lisilo na kinanda. Wakamtuma mtaalamu aje asikilize, aamue kama chafaa kusafirishwa.

Alikuja Mzungu mwembamba, mpole, mwenye kuinamisha kichwa upande kila anaposikia kitu. Mwalimu Yeremia alituita tuwepo, tumfungulie kabati. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepeleka mtoto hospitali. Mtaalamu alipiga mabomba ya ndani, moja moja, akatabasamu, akaandika. Nikamwona Mwalimu anasonya chini kwa chini. Kisha akagusa yale manane.

Aliinamisha kichwa upande wa kulia. Akakiinamisha upande wa kushoto. Akagusa tena la tatu, akaondoa mkono upesi kama aliyeshika karai la moto. Akazungumza na Padri kwa Kiingereza, na Padri akatufasiria kwa kusitasita: bwana huyu asema uso wa kinanda umeharibiwa kabisa, mabomba haya ni kazi mbaya, hayafai hata kwa kuchezea, na gharama ya kuyatengeneza upya yapita bei ya kinanda. Kibaki hapa hapa.

Mwalimu Yeremia alifumba macho kwa furaha. Alipoyafumbua, ami alikuwa ameshavua kofia.

"Nani asema kazi mbaya?"

"Ami, tulia," nikamwambia.

"Mwambie aje hapa! Mshono ule aushike kwa mkono wake! Apatafute panapovuja!"

"Fundi Shali, nakusihi," alinong'ona Mwalimu akimshika kiuno.

"Nitayatengeneza hapa hapa mbele yake! Hebu nipa mkasi, Swalehe!"

Mtaalamu alituona tumemkumbatia ami, mmoja mbele mmoja nyuma, akauliza mzee huyu ana nini. Padri akamwambia, ni huzuni. Mtaalamu alimpa ami mkono wa pole, akashuka kwenda kwenye feri.

Ami hakusema na Mwalimu siku nyingi. Mwalimu alikuja akaketi kwenye benchi letu kama zamani, na ami akampa mgongo akagonga mfereji usiokuwa na kasoro yoyote. Mwisho alishindwa yeye.

"Niambie kweli, Mwalimu. Wewe ni mtu wa dini. Ni mabaya?"

Mwalimu alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, na nilimwona anavyohangaika.

"Si mabaya. La tatu na la tano yako chini."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulipoyakata."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Tulikwisha kuyazoea."

"Niliyakata kwa sauti yako! Yalikuwa ni yale mafua yako!"

"Na mkasi ulikuwa wako."

Kesho yake alfajiri ami alikuwa mlangoni mwa kanisa na ngazi. Alimwimbisha Mwalimu upya, koo safi, akapunguza la tatu, akapunguza la tano, mpaka hata mimi nikasikia yamekaa sawa na ndugu zao. Sijapata kumwona na furaha kama ile. Ilikuwa wiki ya Uhuru, na Jumapili yake palipangwa ibada ya shukrani. Wageni walialikwa, bendera mpya ikatundikwa, sisi Waislamu jirani tukawekewa viti kivulini nje ya madirisha. Sajini Musyoka alikuja na mkewe.

Mwalimu akafungua kinanda chote. Waumini wakasimama wakaimba, na kikazuka kitu ambacho sijui nikiiteje. Kinanda kilikuwa sawa, safi kabisa, na kanisa zima lilikuwa chini. Watu walikuwa wameimba miaka yote hiyo wakiteremka pale pa tatu na pa tano. Watoto walizaliwa wakajifunza hivyo. Mwalimu akapiga kwa nguvu ili awavute juu. Nao, wakidhani kinanda kimepotea, wakaimba kwa nguvu ili wakivute chini. Aliyewaongoza wanawake ni Mama Kadzo, muuza maandazi, mwenye sauti ya kufika Mtongwe bila feri. Hakukubali hata inchi moja. Mke wa Sajini aliziba masikio. Kwenye ubeti wa mwisho Mwalimu aliinua mikono akaacha kupiga, na wakamaliza peke yao, kwa ushindi.

Jumatatu Mwalimu Yeremia alikuja kibandani na Mama Kadzo.

"Fundi Shali," alisema, "yarudishe yalivyokuwa."

Ami aliweka nyundo chini. "Nirudishe ubovu?"

"Ubovu upi?" alisema Mama Kadzo. "Ibada ya Uhuru watu tumeimba vizuri, kinanda chatuaibisha mbele ya wageni!"

Nilidhani ami atapigana. Alichukua chuma cha kulehemu, akaniambia nibebe makaa. Bomba likishakatwa halirefuki, kwa hiyo ilibidi atengeneze pete mbili za risasi za kuvisha juu ya ukingo, pete ambazo zapanda na kushuka mpaka sauti ikae. Na kipimo kilikuwa Mama Kadzo. Alisimama katikati ya kanisa tupu, mikono kiunoni, akaimba alivyozoea. Nzai alivuta. Ami alipandisha pete.

"Bado," alisema Mama Kadzo.

Akapandisha.

"Umepita. Rudi."

Akarudi. Wanangu, kukitengeneza kitu ni kazi ninayoijua. Kukiharibu sawasawa kilivyokuwa kimeharibika, bila kuzidisha wala kupunguza, niliona siku ile tu, na ilimtoa ami jasho kuliko mifereji ya msimu mzima. Adhuhuri ilikuwa yakaribia bomba la tano lilipokutana na sauti ya yule mama, na kanisa likatulia kama maji.

"Hapo!" alisema Mama Kadzo. "Usiguse tena."

Ami alilehemu pete hapo hapo, akashuka ngazi taratibu akijifuta uso kwa kofia, akamwuliza kwa heshima kama ana kingine chochote nyumbani kinachotaka kuharibiwa.